Kina cha Kati, Spika ya Kati

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikiandika juu ya vina, mizani na vituo. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya chombo cha umeme. Msinione nimepotea njia. Mwisho wa safari tutarejea palepale kwenye vina na mizani, kwani ndiko nilikoanzia.

Kwa muda wa mwaka mzima mke wangu alikuwa akiondoka sebuleni kila nilipowasha runinga au kanda ya mashairi. Hakukosa sababu: mboga ipo motoni, kuku hawajafungiwa, kichwa kinauma. Mimi nilidhani amechoshwa na mambo yangu ya ushairi, jambo ambalo si geni kwa wake wa washairi. Kumbe hakuwa akisikia maneno. Sauti aliisikia, tena aliisikia kubwa, lakini maneno yalimfikia yameshikamana kama ugali uliolala. Naye kwa kuwa ni mtu wa haya, aliona heri adhaniwe kuwa hapendi mashairi kuliko kuitwa kiziwi.

Tulipokwenda kupimwa, daktari alitueleza jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili kama mimi nilipaswa kulijua zamani. Masikio yanapozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, na zile nene hubaki. Sasa ichukueni elimu hiyo muilete kwenye lugha yetu. Nguvu ya sauti katika Kiswahili imebebwa na irabu, nazo ni nene kiasi na zinasikika mbali. Utambulisho wa neno, hata hivyo, mara nyingi umo ndani ya konsonanti, na zile tunazoziita vikwamizi, yaani f, s, sh, th na jamaa zake, ni mikwaruzo myembamba isiyo na nguvu. Mtu akikosa mikwaruzo hiyo, fika, pika, zika na shika humfikia kama neno moja. Vivyo hivyo hamu, tamu, zamu na damu.

Fikirini maana yake kwa mshairi. Mizani huhesabiwa kwa silabi, na kila silabi yetu, tukiacha chache kama ile m ya mtu, ina irabu yake. Basi msikilizaji wa namna hii ataihesabu mizani yote kumi na sita bila kosa. Lakini vina je? Atajuaje kama mshari umeishia kwa -sa, au -sha, au -fa? Shairi kwake ni mwendo bila miguu: anausikia msafara unapita, hajui nani kapita.

Nyumbani kwetu Cheyo palikuwa na kesi ya siku nyingi iliyohusu jambo hilohilo, ingawa hatukujua kuwa linahusika.

Tulioana mwaka 1984. Mke wangu ni mtu wa Ujiji, mji ambao haukosi watu wa kughani. Ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Baba mkwe wangu hakuwa malenga wa kutajwa vitabuni, lakini alikuwa na sauti na alikuwa na ujuzi. Siku ya kumwaga binti yake, kabla hatujapanda treni ya kuja Tabora, alisimama uani akaghani beti alizozitunga mwenyewe. Mimi sikuwapo uani. Nilikuwa upande wa wanaume barazani. Bibi harusi alikuwa ndani, kafunikwa kanga, na vigelegele vilikuwa vingi kiasi kwamba hakuambua neno. Jirani mmoja aliweka redio kaseti yake dirishani akarekodi. Kanda hiyo ilitufikia Tabora miezi mingi baadaye.

Katika ubeti wa kwanza upo mshororo huu. Mimi niliusikia hivi:

Mwanangu ukishapika, kwetu usikusahau.

Nikacheka, nikasema mzee anamkumbusha bintiye asiache kuwapelekea wazazi chochote cha jikoni. Mke wangu naye hakuwa na hakika, akaniachia. Baba yake alipofariki mwaka 1999, tulirudi kutoka mazikoni, akaitafuta kanda ile akaisikiliza peke yake usiku. Asubuhi aliniambia: “Mwalimu, hakusema pika. Alisema zika.”

Mwanangu ukishazika, kwetu usikusahau.

Aliyashika maneno hayo kama wasia. Tangu mwaka huo, mwezi wa Mfungo Mosi ukiandama, hupanda treni kwenda Ujiji, akasafisha kaburi, akawasomea wazee wake, akakaa na nduguze siku saba, kisha akarudi. Hata mwaka ambao mfuko wetu ulikuwa mtupu, alikwenda. Mimi niliendelea kushikilia pika, kwa ubishi tu wa kimwalimu, naye akaendelea kushikilia zika. Na oneni jinsi kesi yenyewe ilivyokuwa ngumu. Ukiweka pika, mizani ni nane kwa nane. Ukiweka zika, ni hivyohivyo. Kina cha kati ni -ka kwa vyote viwili. Maana nayo inakubali huku na huku. Sheria zote za ushairi ninazozifahamu, ambazo nimezifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, hazikuweza kutuamua. Aliyeweza kutuamua ni mzee mwenyewe, naye alikuwa ndani ya kanda.

Basi kijana wetu aliyeko Dar es Salaam aliposikia habari za masikio ya mama yake, alituma fedha tununue, kwa maneno yake, “sabufa la maana.” Tuliambiwa na daktari kwamba kifaa cha kuvaa sikioni kitahitajika pia, nacho tunakidunduliza, lakini chombo cha sebuleni kilikuwa ndani ya uwezo wetu. Hapo ndipo nilipoingia darasa jingine uzeeni.

La kwanza ni majina. Duka la vyombo vya umeme leo ni kamusi iliyomwagika. Zamani mtu akisema amenunua redio, huenda alikuwa na maana ya redio, au redio kaseti, au seti nzima ya muziki yenye masanduku mawili. Neno lilipanuka. Sasa sabufa limepita njia hiyohiyo: lilikuja likiwa jina la sanduku moja la sauti nene, limekuwa jina la seti yote. Asili yake ni Kiingereza, na Waingereza walilitoa kwenye mlio wa mbwa abwekapo. Sanduku dogo la sauti nyembamba wakaliita kwa mlio wa ndege. Nilipokumbuka hivyo nilijiuliza kama ninataka kweli kumnunulia mke wangu mbweko. Kipaza sauti nalo ni neno letu zuri, ila tumelitwika mizigo miwili, kile unachosemea na kile kinachotoa sauti, na muuzaji akilisikia anakuletea maiki. Kwa hiyo watu husema spika, hata kama spika mwingine yuko Dodoma. Ama chombo chenyewe kinachopokea sauti, kuipa nguvu na kuigawa kwa spika, mafundi hukiita amplifaya. Risiva halifai, maana mjini ni jina la king'amuzi cha dishi. Nami nitakiita kikuza sauti, neno linalosema kazi yake.

La pili ni hesabu za makasha. Sanduku moja lilikuwa na maandishi makubwa ya wati elfu kadhaa, na pembeni herufi PMPO. Herufi hizo hutaja kishindo cha kufumba na kufumbua, ambacho chombo hakiwezi kukidumisha. Kipimo cha haki ni wati za kudumu, zile zinazoandikwa RMS, na kwa sebule ya kawaida wati chache tu za kudumu zinatosha kwa maneno ya mtu. Mwalimu anayefokea darasa zima si lazima awe anaeleweka.

La tatu ndilo lililonifungua macho. Mpangilio wa sauti za sinema unaoandikwa 5.1 una spika tano na sabufa moja. Mbili zipo mbele, kushoto na kulia. Mbili zipo ubavuni au nyuma ya msikilizaji, kwa ajili ya mvua, upepo na mshindo wa watu. Na moja, ya tano, hukaa katikati chini ya runinga. Ile moja ndiyo hubeba karibu mazungumzo yote. Ile nukta moja ya mwisho ni sabufa, nayo njia yake haipandi zaidi ya mizunguko 120 kwa sekunde. Radi na ngoma zimo humo. Mikwaruzo ya s na f huishi huko juu kwenye maelfu ya mizunguko. Kumbe kwa miaka mingi watu wa mtaani kwetu tumekuwa tukinunua nukta moja tukaacha tano, na katika hizo tano tukaisahau ile yenye maneno.

Katika misafara iliyopita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji na kwenda pwani, mbele alikuwapo kirangozi, mtu aliyeijua njia na ambaye wapagazi wote walimtazama. Ngoma ilikuwapo, tarumbeta la pembe lilikuwapo, lakini hakuna aliyeifuata ngoma akamwacha kirangozi. Spika ya kati ndiye kirangozi.

Nilikwenda madukani na mke wangu, daftari mkononi, nikatoa mtihani ambao nautoa bure kwa kila msomaji. Mjukuu wetu alisoma maneno ishirini akarekodi kwenye simu: fika, pika, zika, shika, tika, hamu, tamu, zamu, damu, jamu, faa, saa, taa, vaa, zaa, chungu, fungu, rungu, vungu, tungu. Aliyasoma kwa mipangilio mitatu tofauti, ili bibi yake asikariri. Dukani tuliomba simu iunganishwe na chombo, bibi akakaa kwenye kiti, akaandika imla. Vijana wa duka walicheka mwanzo, kisha wakaanza kuandika nao.

Kwenye sabufa kubwa lenye taa za rangi alipata 9 kati ya 20. Meza ilitikisika, lakini 9. Kwenye runinga yenyewe, ambayo spika zake zimetazama ukutani, alipata 12. Kisha fundi mmoja mwenye duka dogo la vyombo vilivyotumika akatuwashia kikuza sauti cha njia tano na spika ya kati yenye upana wa mkono. Akapata 17. Mke wangu alilitazama lile daftari kwa muda, akasema, “Mwalimu, kumbe sijafeli mimi.”

Nisiseme habari ya kikuza sauti hicho bila kutaja mtego uliokuwapo kabla yake. Fundi alitupa kwanza kingine, kizuri wa sura na rahisi wa bei. Nilikigeuza nyuma nikasoma: V 100. Vyombo vya Japani hutengenezwa kwa umeme wa volti 100, na vya Marekani kwa volti 120, nasi wetu ni 230. “Inawaka, mzee wangu, tunaweka transfoma,” alisema. Ni kweli itawaka. Lakini transfoma ina bei yake, na siku moja mgeni au mjukuu atachomeka waya moja kwa moja ukutani, na hapo mtakuwa mmenunua moshi. Nilimshukuru nikaomba kingine, na hicho cha pili kilikuwa kimeandikwa 220–240.

Nilitazama pia matundu yake ya nyuma. Nilihitaji tundu la HDMI kwa ajili ya runinga, na matundu mekundu na meupe kwa ajili ya deki ya kaseti. Seti nyingi mpya za bei nafuu hazina hayo ya pili, au zina jozi moja tu. Atakayekuwa na kanda za zamani aangalie hapo kwanza. Tulibishana bei kuanzia shilingi 380,000 tukafika 320,000, pamoja na spika ya kati na mbili za mbele. Za nyuma tuliziacha. Sabufa tuliiacha. Fundi alitushangaa, kwani hajapata kuuziana na mtu anayekataa sabufa.

Nyumbani tulifanya kazi ndogondogo ambazo hazina gharama na zina faida kubwa. Nyumba yetu ina vigae chini na kuta tupu, sauti hugonga ikarudi, neno likakutana na mwangwi wake. Tulitandika jamvi kubwa, tukaning'iniza pazia nene upande mmoja. Spika ya kati niliishusha kutoka juu ya kabati nikaiweka usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Nyaya nilizifunga nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, maana spika moja ikifungwa kinyume na mwenziwe, sauti zao hupingana na kutoa mlio mtupu kama wa mtungi. Kisha kwenye mipangilio ya chombo niliipandisha spika ya kati desibeli tatu juu ya zile nyingine.

Jioni yake nilimwita fundi aje asafishe kichwa cha deki kwa spiriti. Tukaweka ile kanda ya 1984.

Mara ilipoanza, fundi alishtuka. “Mwalimu, spika za pembeni zimekufa.” Kweli, zilikuwa kimya kabisa, sauti ilitoka katikati tu. Tulizikagua nyaya, zote nzima. Nilikwenda kukisoma kitabu cha maelezo, na jibu nililolipata lilinifanya nikae chini. Kanda ile ilirekodiwa kwa kinasa sauti kimoja dirishani, kwa hiyo sauti ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia ni ileile moja. Na vikuza sauti vya aina hii, vikiwekwa kwenye mpangilio wa Dolby Pro Logic, hutafuta kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana, hukichukua na kukipeleka kwenye spika ya kati. Teknolojia yote ile, njia tano zote zile, ilipopewa mtu mmoja anayeghani, ilijua pa kumweka: katikati, peke yake, mbele ya msikilizaji.

Niliwapa karatasi watatu: mke wangu, mjukuu wetu, na fundi ambaye hakuijua kesi yetu. Nami nikachukua ya nne. Sharti lilikuwa lile la darasani, hakuna kuchungulia. Nikaurudisha mshororo ule mara tatu. Mvumo wa kanda ulikuwapo, vigelegele vilikuwapo kwa mbali, jogoo wa mtu wa Ujiji aliyekwisha liwa zamani naye aliwika. Lakini sauti ya mzee ilisimama mbele yao wote.

Tukazifunua karatasi. Zote nne zilikuwa na neno moja.

Mwanangu ukishafika, kwetu usikusahau.

Hakusema pika. Hakusema zika. Alikuwa baba anayemwaga binti kwenye treni, akisema neno jepesi ambalo kila baba angelisema. Wote wawili tulikuwa tumekosa, mimi kwa mzaha wangu wa miaka arobaini, yeye kwa huzuni yake. Kikwamizi kimoja, f, chembamba kama pumzi ya kuzimia mshumaa, ndicho kilichotupita.

Nilimtazama mke wangu, nikaogopa. Nilifikiri juu ya safari zake zote za Ujiji, nauli zilizokopwa, usiku wa kukesha njiani, yote hayo juu ya wasia ambao sasa hakuna aliyeutoa. Nikajuta kununua chombo. Nilijiambia kwamba kuna makosa ambayo mwalimu mwenye busara huyaacha bila kuyasahihisha.

Yeye alikuwa angali anaitazama karatasi yake, mwandiko wake mwenyewe. Kisha akasema polepole, “Basi alinisema mimi. Siku zote nilidhani anajisema yeye.”

Tukakaa kimya. Fundi akajishughulisha na bisibisi yake. Baadaye mke wangu akaniomba niurudishe ubeti wote mwanzo hadi mwisho, nao akausikiliza amefumba macho, midomo ikihesabu. Ulipokwisha alinigeukia. “Mimi nimefika, na nimezika, na hata kupika nimepika. Na kwetu sijakusahau. Nikatie tiketi.”

Mwezi ukiandama atakwenda, na safari hii ameniambia twende wote. Ama kuhusu sebule, sasa hatoki tena ninapowasha. Tatizo letu ni jipya: anasikia vina vyangu vizuri mno, na jana alinisimamisha katikati ya ubeti wa tatu akaniambia kina changu cha kati kimeharibika.